Kwangua Kwanza

Ukitaka kujua tajiri wa malori ni mtu wa namna gani, usianzie mbele. Mbele kila mtu anapajali. Kichwa kitaoshwa, kitafungwa taa za rangi, kitaandikwa jina la mtoto au neno la dua, na bampa litasuguliwa mpaka ujione sura. Zunguka nyuma ya kebini, pale kati ya kichwa na tela, kanyaga juu ya fremu na uchungulie chini. Utakuta sahani nzito ya chuma, nyuma yake imepasuliwa mwanya. Juu ya sahani hiyo pua ya tela imelala, na ndani ya mwanya ule pini ya tela imebanwa na taya za kufuli. Hali ya grisi iliyopo hapo itakueleza mambo ambayo tajiri mwenyewe hawezi kukuambia.

Vitabu vya watengenezaji huiita sahani hiyo gurudumu la tano, jina lililobaki tangu enzi za magari ya farasi, wakati ekseli ya mbele ilipokata kona kwa kuzunguka chini ya duara la chuma lililolazwa. Mimi nitaiita sahani tu. Pini nayo ni kitu kidogo kiasi cha kutia hofu. Ile ya kawaida ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 50.8, yaani inchi 2. Ukiizungushia kiganja, kidole gumba na vidole vingine vinakaribia kukutana. Kontena la futi 40 linalotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma, zaidi ya kilomita 900, linavutwa na hicho kipande. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito, lori lenye ekseli za kutosha linaruhusiwa kufika tani 56, gari na mzigo pamoja. Sahani za kawaida hukadiriwa kubeba mpaka tani 20 juu ya mgongo wake. Kwenye mizani ya Vigwaza watapima ekseli, Mikese watapima ekseli, na hakuna mizani hata moja itakayouliza kama sahani imekauka.

Kinachonivutia mimi hapo ni kwamba mahali pamoja pamepewa kazi mbili zinazopingana. Taya zinatakiwa zibane pini bila huruma, zisiache nafasi ya kucheza. Sahani yenyewe inatakiwa iteleze, ili kichwa kikikata kona tela ifuate bila ubishi, na gari likipanda tuta pua iinuke na kushuka bila kuvunja kitu. Kushika na kuachia, vyote ndani ya eneo ambalo meza ya chai ingelifunika. Grisi inatumikia kuteleza. Haina msaada wowote kwa kushika, na anayedhani kufuli lililolegea litapona kwa kupakwa grisi anajidanganya, tena anadanganya na wengine walio barabarani.

Sahani ikikauka, dereva ndiye wa kwanza kujua, lakini mara nyingi anajua vibaya. Usukani unakuwa mzito, naye anaulaumu usukani. Kichwa kinataka kuendelea mbele hata baada ya matairi kugeuzwa, hasa mvua ikinyesha, naye analaumu lami. Tairi za mbele zinalika upande, basi anapelekwa kupiga alaimenti. Akiingia yadi na kuzungusha gari mahali pembamba, chuma kinalia juu ya chuma sauti ya kukereketa meno, na kila mtu pale anageuka kutazama isipokuwa yeye, maana ameizoea. Katika kona za mlima wa Kitonga ubishi huo si jambo la kuchekesha. Tela isiyotaka kugeuka inakisukuma kichwa kutoka nyuma, na upande mmoja wa barabara ile ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni korongo.

Nilimwona fundi mmoja akiifanya kazi hii Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima huohuo, mahali ambapo abiria wa mabasi hununua vitunguu na madereva wa malori husimama kuvuta pumzi. Dereva, mtu mzima, alikuwa na haraka.

"Fundi, piga grisi twende. Jua halinisubiri."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Piga grisi."

"Nikwangue kwanza, mzee wangu. Nikipaka juu ya huu uchafu nitakuwa nimekuuzia msasa."

Mzee akaguna, akaenda kutafuta chai. Utingo akabaki kusaidia. Ardhi pale ni ya kichanga, kwa hiyo chini ya miguu ya tela waliweka vipande vya mbao ngumu kabla ya kuiteremsha. Tela iliyojaa mzigo ikizamisha mguu mmoja, siku imeharibika. Wakatia vigingi kwenye matairi ya tela. Wakachomoa mabomba ya upepo, jekundu na la njano, na plagi ya umeme. Utingo akavuta mkono wa kufuli, kichwa kikasogezwa mbele polepole, na sahani ikatoka chini ya pua ya tela, ikainama kwa nyuma, ikabaki wazi juani.

Kilichokuwa juu yake sikukitambua kuwa ni grisi. Kilikuwa kitu cha kijivu, kikavu kingoni, kinata katikati, kimefinyangwa na vumbi la miezi. Fundi alichukua bapa la chuma akaanza kukwangua, akisukumia uchafu ndani ya kopo la rangi lililokatwa nusu. Katikati ya kazi alisimama, akachota kidogo kwa kidole, akakisugua na kidole gumba, akaninyooshea mkono. Ndani ya ule uchafu zilikuwamo chembe ndogo zinazometa. Hizo zilikuwa sahani yenyewe na pini yenyewe, zimeliwa na kugeuzwa kuwa unga, na unga huo ulikuwa ukiendelea kula vilivyobaki.

Baada ya kukwangua alifuta kwa tambara na dizeli, mifereji ya sahani mmoja mmoja, kisha ndani ya taya ambako mkono unaingia kwa shida. Halafu akaingia chini ya pua ya tela akapitisha kidole kuizunguka pini, amefumba macho, akitafuta mahali ambapo chuma kimeingia ndani na kuacha ngazi. Alipoipata alitoa kalipa mfukoni akapima. Kwa pini ya 50.8, mwisho wa matumizi unaotajwa na watengenezaji ni milimita 49. Kati ya pini mpya na pini ya kutupa hakuna hata milimita 2. Ya mzee ilikuwa bado hai. Ndipo alipofungua kopo la grisi. Akapaka juu ya sahani, akajaza mifereji, akapaka taya, pini na bamba lililo chini ya pua ya tela, na hayo yote yakaisha kabla mzee hajamaliza chai yake.

Kazi ya grisi, kwa sehemu kubwa, ni kuondoa grisi. Sisi hatupendi kulisikia hilo. Tukiona ukavu tunaongeza. Tukisikia mlio tunaongeza. Utingo akiambiwa "gari ina kelele nyuma" anapanda na kopo na kumwaga. Kuongeza kunaonekana, tena kunamridhisha aliyetoa hela. Lakini grisi ina tabia ya kunasa kila kinachopita, na tabia hiyo hiyo inayoifanya ing'ang'anie chuma ndiyo inayoifanya ing'ang'anie mchanga. Ukiweka mpya juu ya zamani umeupa mchanga nyumba ya pili. Miongozo mingi ya watengenezaji hutaja kilomita 10,000 kati ya usafishaji mmoja na mwingine, na chini ya hapo kwa gari linalokula vumbi. Kwenda Lubumbashi na kurudi Dar ni kama kilomita 4,000. Basi hata safari ya tatu haitakiwi kuisha kabla sahani haijafunuliwa na kuoshwa.

Tena grisi inaficha. Ufa kwenye sahani haupigi kelele. Boliti iliyolegea inakaa kimya chini ya tabaka nene, na taya zilizolika zikijazwa grisi zinaacha kugonga kwa siku chache, dereva anafurahi kwamba tatizo limekwisha. Ule mgongano unaousikia ukishika breki, kisha tena ukiondoka, ndiyo taarifa pekee ambayo kufuli linaweza kukupa, na kulinyamazisha ni kumfunga mdomo shahidi. Wauzaji wa malori yaliyotumika wanalijua hili vizuri sana. Sahani iliyopakwa grisi mpya inayong'aa, kwenye gari lililosimama mwaka mzima, ingenitia shaka kuliko sahani yenye kutu. Fundi anayekagua kabla ya kuosha hajakagua kitu.

Lipo jambo lingine, na hili ni la kwetu zaidi kuliko la vitabuni. Kiungo hiki kiliundwa ili kifunguliwe. Mwaka 1914 mjini Detroit, mhunzi na mtengeneza magari ya farasi aitwaye August Fruehauf aliletewa kazi na mfanyabiashara wa mbao, Frederick Sibley, aliyetaka mashua yake ivutwe na gari la Ford Model T. Fruehauf akaunda tela ya kufungwa nyuma ya gari hilo, na mteja akaipenda hata akataka nyingine za kubebea mbao. Faida yake ilikuwa wazi kwa yeyote anayejua hesabu: injini ni ghali, sanduku la kubebea mzigo ni rahisi. Acha sanduku lipakiwe huku injini ikivuta jingine. Kufungua na kufunga ndiyo biashara yenyewe, na kila kufungua ni nafasi ya kuiona sahani.

Sasa tazama tunavyoishi na kiungo hicho. Mtu ananunua kichwa kimoja na tela moja, anaviunganisha, na kuanzia hapo havitengani. Vinakwenda pamoja Kasumbalesa, vinakaa pamoja foleni ya Tunduma, vinalala pamoja yadi ya Dar. Kila kimoja kina namba yake ya usajili, lakini mwenyewe anavihesabu kama gari moja. Hapana ubaya kibiashara kwa mwenye gari moja. Ubaya ni kwamba uso wa sahani hauonekani tena. Vipo vitundu vya kupigia grisi kwa pampu bila kuchomoa tela, na vinasaidia. Ila pampu inaingiza tu, haitoi. Mkutano wa pua na sahani unaweza kukaa miaka bila kupigwa na jua, na mwenyewe akashangaa kwa nini pini imekwisha wakati yeye hununua grisi kila mwezi.

Grisi yenyewe inastahili kutazamwa kidogo, kwa sababu kopo lile la bei ndogo lina ukoo usiotarajiwa. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni. Sabuni inatengeneza wavu mwembamba, mafuta yanakaa ndani ya wavu huo, na chuma kikigandamiza, mafuta yanatoka kidogo kidogo kufanya kazi. Aina iliyoenea zaidi duniani hutumia sabuni ya lithiamu, iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1942 kwa jina la Clarence Earle, na asidi inayotengeneza sabuni hiyo inatokana na mafuta ya mbarika. Mbarika huu huu, ambao bara wengine wanauita mnyonyo, unaoota wenyewe pembeni ya jalala, ambao mafuta yake bibi zetu walitupaka kichwani na kutunywesha tumbo likifunga. Wataalamu wa mimea wanaamini asili yake ni upande huu wa Afrika, kaskazini mashariki. Leo India ndiyo inayoongoza kuulima, nasi tunanunua grisi iliyokwisha kupita viwandani ng'ambo.

Na lithiamu? Manono, katika jimbo la Tanganyika nchini Kongo, pana hazina kubwa ya madini hayo, na watu wanagombania haki ya kuyachimba kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Bei ya lithiamu ilipopaa mwaka 2021 na 2022 kwa sababu ya betri hizo, waliotikisika ni pamoja na watengenezaji wa grisi, wakaanza kutazama upya sabuni za kalsiamu. Malori yanayoteremka kutoka Kolwezi na shaba na kobalti, mali ya betri zile zile, yanateleza juu ya kiasi kidogo cha lithiamu kilichochanganywa na mbarika. Sijui niseme nini juu ya hilo zaidi ya kwamba linanifurahisha.

Kwa matumizi, tafuta kopo lililoandikwa EP na namba 2. Namba 2 ni kipimo cha ugumu wa grisi, laini kama siagi ya karanga. EP ni kwamba imetiwa viungo vya kuhimili mgandamizo mkali. Yenye molibdenamu au grafaiti ndani yake ni bora zaidi kwa sahani, maana hata mafuta yakisukumwa nje, unga ule mweusi unabaki kati ya chuma na chuma. Ile ya bearingi za magurudumu haikutengenezwa kwa shughuli hii. Na oili chafu ya injini, ambayo naona bado inamwagwa kwenye sahani kwa imani kubwa, ni hasara tupu: nyepesi mno, inakimbia ikigandamizwa, inadondokea matairi na barabara, na inakuja na masizi na unga wa chuma iliouzoa kwenye injini. Ni bure, ndiyo sababu inapendwa.

Zipo sahani za kisasa zilizovikwa plastiki ngumu juu, ambazo uso wake hauhitaji grisi, na ipo mitambo inayopiga grisi yenyewe gari likitembea. Ni vizuri. Hata hizo kufuli lake linahitaji kuoshwa na kupimwa, na plastiki ikiliwa inabadilishwa. Tuendelee.

Shida ninayoiona kubwa kuliko zote si ya kifundi. Ni ya umiliki. Dizeli ina mwenyewe: tajiri anaihesabu lita kwa lita. Tairi zina mwenyewe, zimechomwa alama ili zisibadilishwe njiani. Posho ni ya dereva, turubai na kamba ni za utingo. Sahani iko katikati ya vyote na haimo katika hesabu ya mtu yeyote. Tajiri anasema ni kazi ya dereva. Dereva anasema hakupewa hela ya grisi, na mara nyingi anasema kweli. Utingo anatumwa, na anayetumwa bila kufundishwa atafanya kinachoonekana, yaani atamwaga. Pale ambapo kichwa ni cha kampuni moja na tela ni ya nyingine hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa kila upande una ushahidi kwamba uchafu ulitoka kwa mwenzake. Wote wana hoja, na chuma kinaendelea kulika.

Rafiki yangu mmoja anayesimamia yadi hupinga. Anasema kuchomoa tela yenye mzigo ni hatari, kunapoteza saa, na dereva mwenye haraka anaweza kuirudisha vibaya akaenda nayo hivyo. Kwenye hilo la mwisho namuunga mkono kabisa. Kuunganisha tena vibaya kunaweza kuua watu. Pini ikiingia juu ya taya badala ya ndani yake, tela itakaa kana kwamba imefungwa, itatembea mita kadhaa au kilomita kadhaa, kisha itabaki nyuma na kuchagua njia yake. Kwa hiyo urefu wa tela unatazamwa kabla ya kurudisha kichwa, pua iwe chini kidogo ili sahani iiinue yenyewe. Baada ya mlio wa kufuli mtu anashuka na tochi, hata mchana, anachungulia kutoka nyuma kuona taya zimeikumbatia pini na hakuna mwanga kati ya sahani na bamba. Mkono wa kufuli uwe umerudi mahali pake na kizuizi chake kimekaa. Halafu, miguu ya tela ikiwa bado chini na breki za tela zimeshikwa, kichwa kinajaribu kuondoka kwa gia ndogo. Kikigoma, ndipo miguu inainuliwa. Anayeruka hatua hizo afadhali asichomoe.

Ila hoja ya rafiki yangu inahusu tela yenye mzigo kando ya barabara. Haihusu tela tupu ndani ya yadi yenye sakafu ya zege. Kila lori linalokwenda Kongo au Zambia linarudi Dar kusubiri mzigo, na kusubiri huko hakuchukui saa, kunachukua siku. Tajiri unayesoma haya, tumia siku moja kati ya hizo. Agiza tela ichomolewe, fundi akwangue, aoshe, apime pini na kuandika kipimo kwenye daftari la gari pamoja na tarehe, ndipo apake. Hela ya grisi na ya fundi iandike kwenye matumizi yako, usiiache kwenye posho ya dereva. Na uchafu uliokwanguliwa usimwagwe mtaroni. Weka kwenye pipa la oili chafu.